Benki imekunyima kadi ya mkopo Marekani? Mwongozo kamili wa kuomba uamuzi uangaliwe upya

Wasomaji wengi walioko Marekani wananiandikia jambo lilelile. Ombi la kadi ya mkopo limekataliwa, wakapiga simu benki, wakaeleza shida zao kwa unyenyekevu, na simu ikaisha na jibu la mwanzo. Wengine hawakupiga kabisa. Walijaza ombi la benki nyingine usiku uleule, nalo likakataliwa.

Kinachowaangusha si lugha wala adabu. Wanapiga bila kujua wanajibu sababu ipi. Afisa anayepitia upya maombi ana skrini mbele yake yenye sababu chache zilizoandikwa wazi. Ukimletea taarifa inayoigusa sababu mojawapo, ana kitu cha kufanyia kazi. Ukimwambia tu kwamba kadi unaihitaji sana, hana pa kuliandika hilo.

Jambo moja ulielewe mapema: hakuna sheria inayoilazimisha benki kukupa kadi, wala kuliangalia ombi lako mara ya pili. Sheria inailazimisha kukueleza kwa nini imekukatalia. Kazi yote iliyo hapa chini inasimama juu ya haki hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

- Barua ya kukataliwa, ya karatasi au iliyotumwa kwenye akaunti yako ya mtandaoni, pamoja na namba ya ombi.
- Ripoti yako ya mikopo, yaani rekodi ya madeni na malipo yako, kutoka kampuni iliyotajwa ndani ya barua hiyo.
- Kumbukumbu ya ulivyojaza ombi: jina, anwani, kipato cha mwaka, mwajiri, kodi ya nyumba.
- Kadi ya Social Security, au barua ya ITIN (namba ya mlipakodi asiye na Social Security) kama ndiyo uliyotumia, na kitambulisho chenye picha.
- Slipu za mshahara za karibuni. Kama umejiajiri, nakala ya marejesho ya kodi (tax return) ya mwaka uliopita.
- Mkataba wa nyumba au bili ya umeme yenye jina lako.
- Orodha ya kadi ulizonazo tayari katika benki hiyohiyo, na kikomo cha kila moja, yaani kiasi cha juu unachoruhusiwa kukopa.
- Karatasi, kalamu, na saa moja isiyo na watoto wala zamu ya kazi.

## Hatua ya 1: Simamisha maombi mengine yote

Kila ombi jipya huifanya benki ivute ripoti yako, na tendo hilo huacha alama inayokaa kwenye ripoti miaka 2. FICO, mfumo unaotumiwa na benki nyingi kumpa mkopaji alama za mkopo (credit score), huzingatia maombi ya miezi 12 ya karibuni. Alama moja ya ombi haina uzito mkubwa. Nne ndani ya wiki mbili zinamwonyesha afisa mtu anayehangaika kutafuta pesa, hata kama ulichotaka ni kadi ya kukatia tiketi ya kwenda Mombasa.

Kuomba uamuzi uangaliwe upya kwa kawaida hakuachi alama mpya, kwa kuwa benki inatumia ripoti iliyokwisha kuivuta. Hiyo ndiyo faida yake kubwa juu ya ombi jipya. Ila usikae nalo sana. Mara nyingi ombi huwa hai kwa takriban siku 30, kisha utaambiwa ujaze upya, na alama nyingine itaingia.

## Hatua ya 2: Isome barua mpaka mstari wa mwisho

Chini ya sheria ya mwaka 1974 iitwayo Equal Credit Opportunity Act, benki ina siku 30 tangu ipokee ombi lililokamilika kukujulisha uamuzi wake. Kama barua haikufika, angalia akaunti ya mtandaoni na folda ya barua taka ya imeili kabla ya kukata tamaa. Aliyehama nyumba hivi karibuni aende pia kuuliza anwani ya zamani.

Ndani ya barua tafuta mambo matatu.

Kwanza, sababu. Zinatakiwa ziwe mahususi. Benki ikiandika tu kwamba hukufikia viwango vyake vya ndani, hiyo haitoshi kisheria. Barua nyingine hazitaji sababu, bali zinasema una haki ya kuziomba. Ziombe ndani ya siku 60, na benki ina siku 30 za kukujibu.

Pili, jina la kampuni ya taarifa za mikopo iliyotumika. Kubwa ni tatu: Equifax, Experian na TransUnion. Benki inaweza kusoma moja tu, kwa hiyo ripoti safi ya Experian haikusaidii kitu kama walisoma TransUnion.

Tatu, alama zako za mkopo siku ile, kama zilitumika. Nyingi huwa kati ya 300 na 850, na chini yake huorodheshwa mambo yaliyozishusha.

Umefanikiwa hapa ukiweza kuandika kwenye karatasi, kwa Kiswahili chako mwenyewe, sentensi moja: "Walinikatalia kwa sababu..."

## Hatua ya 3: Vuta ripoti ileile waliyoisoma

Ingia AnnualCreditReport.com. Ndiyo tovuti iliyowekwa kisheria kwa ripoti za bure, na unaweza kuzipata kila wiki kutoka kampuni zote tatu. Zaidi ya hapo, barua ya kukataliwa inakupa haki ya ripoti ya bure kutoka kampuni iliyotajwa, ukiiomba ndani ya siku 60.

Tahadhari: ukiombwa namba ya kadi ili uone ripoti ya "bure", umeingia mahali pasipo. Funga ukurasa huo.

Anza na sehemu ya majina, maana hapo ndipo watu wetu wanaponaswa. Mtu aliyetoka Kenya au Tanzania ana jina lake, la baba na la babu. Kwenye kadi ya Social Security la babu limekuwa jina la ukoo na la baba limekaa katikati. Kwenye leseni ya udereva majina mawili ya mwisho yameunganishwa. Kwenye ombi la kadi akajaza la kwanza na la baba tu, kama anavyoitwa kazini. Kompyuta ya benki inaona watu watatu tofauti.

Tarehe ya kuzaliwa nayo ina mambo yake. Wengi waliopitia kambi za wakimbizi kama Nyarugusu au Kakuma wameandikiwa tarehe 1 Januari. Ukijaza ile tarehe ya kweli anayoijua mama yako, na hati za serikali zina 1 Januari, ombi halitalingana na chochote. Kwenye ombi la benki iandikwe iliyoko kwenye hati.

Baada ya majina, pitia anwani (namba ya chumba huachwa mara nyingi), akaunti usizozijua, malipo yaliyoandikwa kuwa yalichelewa, na orodha ya waliovuta ripoti yako.

Ukikuta kosa, lipinge kwa kampuni yenyewe, mtandaoni au kwa barua, ukiambatisha ushahidi. Sheria inaipa kwa kawaida siku 30 kuchunguza. Ukikuta akaunti ambayo hukuifungua, nenda kwanza IdentityTheft.gov ukatoe taarifa ya wizi wa utambulisho. Simu ya benki inaweza kusubiri.

## Hatua ya 4: Itafutie sababu jibu lake

Sababu hazilingani. Nyingine zinaondoka kwa dakika kumi, nyingine hakuna maneno yatakayoziondoa leo. Jua yako iko wapi kabla hujapiga.

Hawakuweza kuthibitisha wewe ni nani. Hii ndiyo nyepesi kuliko zote, na inanisikitisha kuona watu wakiichukulia kama wamekataliwa wao wenyewe. Benki haijakupima bado. Imeshindwa kukuona. Jibu lako ni hati: kitambulisho, kadi ya Social Security, bili yenye anwani.

Hawakuweza kufungua ripoti yako. Huenda uliifunga kujikinga na wezi ukasahau. Kuifunga na kuifungua ni bure tangu Septemba 2018, na ukiomba kwa simu au mtandaoni kampuni lazima iifungue ndani ya saa moja. Ifungue, kisha piga. Waambie mapema kwamba unajua watahitaji kuivuta.

Kipato hakitoshi. Angalia ulichojaza. Wapo wanaoandika mshahara wa mwezi mahali pa mwaka, na wapo wanaoandika kinachoingia mkononi badala ya jumla kabla ya kodi. Ukiwa na miaka 21 au zaidi, unaruhusiwa kuhesabu pia kipato cha mwenzi wako ambacho kwa uhalisia unaweza kukitumia, hivyo mama anayelea watoto nyumbani hana sababu ya kuandika sifuri. Chini ya miaka 21 unahesabiwa chako mwenyewe.

Pesa ya upatu si kipato. Ni akiba yako inayokurudia kwa zamu. Na anayeendesha Uber asiandike pesa yote iliyopita kwenye programu, bali kinachobaki baada ya gharama, kama kilivyo kwenye marejesho ya kodi. Kudanganya kipato kwenye ombi la benki ni kosa la jinai la serikali kuu, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 30. Mtu akikushauri "ongeza kidogo tu", usimsikilize.

Umetumia sehemu kubwa ya vikomo vyako. Kadi yenye kikomo cha dola 1,000 na deni la dola 900 inakushusha hata kama hujawahi kuchelewa kulipa. Habari njema ni kwamba sababu hii hubadilika haraka. Kadi nyingi hupeleka taarifa kwa kampuni za mikopo mara moja kwa mwezi, karibu na tarehe ya kufunga hesabu. Lipa kabla ya tarehe hiyo, usisubiri siku ya mwisho ya malipo, kisha piga ukiwa na uthibitisho wa malipo mkononi.

Umefungua akaunti nyingi karibuni. Hapa maneno hayana nguvu sana. Chase, kwa mfano, inafahamika kwa kukataa aliyefungua kadi 5 au zaidi ndani ya miezi 24. Angalia kama miongoni mwa hizo kuna kadi ya ndugu ambayo wewe umeongezwa tu kama mtumiaji. Ukimweleza afisa kwamba hiyo si ya kwako kuilipa, anaweza kuiondoa kwenye hesabu.

Historia ni fupi au haipo. FICO inahitaji angalau akaunti moja yenye miezi 6 ili ikupe alama za mkopo. Kwa kawaida rekodi zako za nyumbani hazionekani hapa, nzuri wala mbaya: mkopo wa SACCO uliomaliza kulipa, Fuliza ya M-Pesa, hata jina lako kuwa safi CRB, kampuni za Kenya za taarifa za mikopo. Kama unaomba American Express na una historia Kenya, uliza. Kampuni hiyo ilianza mwaka 2019 kushirikiana na Nova Credit kusoma rekodi za mikopo za baadhi ya nchi. Benki nyingine zitaangalia muda uliokaa na akaunti yao ya kawaida na mshahara unaoingia humo.

Ulichelewa kulipa, au deni lilipelekwa kwa wakusanyaji. Kumbukumbu hii hukaa miaka 7. Kama chanzo kilikuwa ugonjwa au kazi kusimama, na sasa umelipa na miezi imepita bila kuchelewa, lisemeke kwa ufupi na kwa ushahidi. Kama deni bado liko wazi, simu haitasaidia. Shughulikia deni kwanza.

## Hatua ya 5: Andika maneno yako

Sentensi tatu zinatosha: kilichokataliwa, sababu waliyotoa, jambo jipya ulilonalo. Kwa mfano:

"Niliomba kadi yenu tarehe 3 mwezi huu na ombi likakataliwa. Barua inasema deni langu ni kubwa kulinganisha na vikomo vyangu. Tangu wakati huo nimelipa dola 850 kwenye kadi iliyokuwa na dola 900, na uthibitisho ninao."

Usiongeze habari za ada ya shule ya mdogo wako nyumbani. Afisa anaweza kukuhurumia, lakini habari hiyo inamwonyesha mzigo mwingine juu ya kipato chako. Akiuliza kadi ni ya nini, jibu la kawaida linatosha: mafuta ya gari, manunuzi ya nyumbani, na kwamba utalipa yote kila mwezi.

## Hatua ya 6: Piga simu

Tumia namba iliyoko kwenye barua au kwenye tovuti rasmi ya benki. Namba zinazojitokeza kama matangazo ukitafuta mtandaoni zinaweza kuwa za matapeli, na utakuwa umewasomea namba yako ya Social Security.

Anayepokea kwanza mara nyingi hana mamlaka ya kubadili chochote. Mwombe akuunganishe na idara inayopitia upya maombi ya kadi yaliyokataliwa.

Kama Kiingereza chako hakikutoshi kwa mambo ya pesa, omba mkalimani wa Kiswahili mwanzoni kabisa. Benki nyingi kubwa hutumia wakalimani wa simu bila kukutoza. Aliyetoka Kongo asione haya kumwambia mkalimani arudie. Kiswahili cha Bukavu na cha Zanzibar vina maneno yao, na hapa tarakimu moja ikikosewa kazi yote imeharibika.

Wengi humpa simu mtoto wao aongee. Inawezekana, lakini kwa utaratibu. Mzazi aliyejaza ombi lazima awepo, ajitambulishe kwa sauti yake, kisha atoe ruhusa.

— Mama, watakuuliza jina kamili, tarehe ya kuzaliwa na namba nne za mwisho za Social. Ukishajibu, sema unaniruhusu mimi niongee kwa niaba yako.
— Haya mwanangu, na wewe usimjibie kabla hajamaliza kuuliza.

Mtoto akijifanya ndiye mama, afisa akigundua, ombi linaweza kuwekewa alama ya udanganyifu.

Mazungumzo yenyewe huenda hivi:

Wewe: Habari za asubuhi. Nina namba ya ombi lililokataliwa. Ningeomba liangaliwe upya, kwa kuwa nina taarifa ambazo hamkuwa nazo.

Afisa: Sawa. Naona sababu ni kipato na historia fupi.

Wewe: Kabla hatujaendelea, je, mtavuta ripoti yangu tena?

Afisa: Hapana, tutatumia tuliyo nayo.

Wewe: Ahsante. Kuhusu kipato, nilijaza dola 2,900, ambazo ni za mwezi. Kwa mwaka ni dola 34,800 kabla ya kodi. Slipu za mshahara ninazo, naweza kuzituma leo.

Swali la kuvutwa ripoti lisiachwe. Wakisema wataivuta, una haki ya kusimamisha mazungumzo ukafikirie.

Akikuweka ukisubiri muziki wa simu, tulia. Mara nyingi ndipo anaposoma au kumuuliza mwenzake. Andika jina lake la kwanza, tarehe, saa na alichosema.

## Hatua ya 7: Mpunguzie benki hatari

Akisita, usirudie maelezo yaleyale kwa sauti kubwa zaidi. Toa pendekezo:

- Kama una kadi nyingine ya benki hiyo, omba sehemu ya kikomo chake ihamishiwe kadi mpya. Benki haiongezi mkopo wowote, na kwa uzoefu wangu hili ndilo linalogeuza majibu mengi.
- Kubali kikomo cha chini kuliko ulichotarajia.
- Uliza kama ombi linaweza kubadilishwa liwe la kadi iliyo rahisi zaidi kupata bila kujaza upya. Kama haliwezekani bila alama mpya, acha.

## Hatua ya 8: Baada ya jibu

Wakikubali, omba uthibitisho wa maandishi na uliza kikomo ni kiasi gani. Kadi ikifika, linganisha jina lililochapwa na la hati zako herufi kwa herufi, kisha weka malipo ya moja kwa moja.

Wakitaka hati, zitume siku hiyohiyo kwa njia waliyokuelekeza, kamwe si kwa imeili ya kawaida. Uliza tarehe ya mwisho, na upige siku mbili tatu baadaye kuhakikisha zimefika na zinasomeka. Picha iliyokatwa pembeni hurudisha ombi nyuma.

Wakikataa, muulize afisa swali hili: "Ni jambo gani likibadilika naweza kuomba tena, na baada ya muda gani?" Andika jibu lake. Unaweza kupiga siku nyingine ukakutana na afisa mwingine mwenye jicho tofauti, na hilo si kosa. Lakini ukisikia sababu ileile mara ya pili na huna jipya, simu ya tatu ni kupoteza muda.

Kama unaona umenyimwa kwa sababu ya rangi, dini, asili ya taifa, jinsia, ndoa, umri, au kwa kuwa kipato chako kinatokana na msaada wa serikali, hilo sheria imelikataza. Peleka malalamiko kwa Consumer Financial Protection Bureau, taasisi ya serikali kuu inayolinda wateja wa huduma za fedha, kupitia consumerfinance.gov, ukiambatisha barua na kumbukumbu zako za simu. Hali yako ya uhamiaji ni suala tofauti: benki inaruhusiwa kuiangalia inapopima uwezekano wa kulipwa.

Kwa yule ambaye tatizo lake ni historia pekee, njia ya haraka ni kadi ya dhamana. Unaweka fedha, mara nyingi kuanzia dola 200, nazo zinakuwa kikomo chako, na dhamana hurudishwa ukifunga akaunti ukiwa huna deni. Kabla ya kuichukua, hakikisha benki hiyo inapeleka taarifa kwa kampuni zote tatu na haitozi ada ya mwaka. Ununue kitu kidogo kila mwezi, ulipe chote, na uandike kwenye kalenda siku ambayo miezi sita itatimia. Siku hiyo vuta ripoti tena, uangalie kama sababu iliyokuwa kwenye barua bado ipo, ndipo ujaze ombi jipya.